Nilitafuta Sababu ya Kumzuia Mke Wangu Asisome

Yeye ni muuguzi, mimi ni mtu wa benki. Alipotaka shahada ya uzamili nilishika kalamu nikapiga hesabu za kumkatalia. Hesabu zikanigeukia mwenyewe.

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa, maana humu ndani huwa tunaambiana ukweli.

Ilikuwa Jumapili jioni, Februari 2021. Tumekaa barazani kwetu Nyegezi, upepo wa ziwa unapuliza, pacha wetu wanachezea mchanga, sato wa kuchoma kabaki miba mitupu kwenye sinia. Kila kitu shwari. Mama Kulwa akanawa mikono, akanitazama usoni, akasema, "Baba Kulwa, nataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili. Muhimbili. Miaka miwili."

Jibu nililompa sijivunii hata kidogo. Nilimwambia, "Kwani hujasoma vya kutosha?"

Wanaume wenzangu, swali hilo tunalijua. Linasikika kama la elimu, kumbe ndani yake kuna mengine kibao. Nani atawalaza watoto? Dar ni mbali, huko atakuwa na akina nani? Na lile la chini kabisa ambalo mwanaume hasemi hata kwa rafiki yake: akirudi na shahada mbili, mimi mwenye moja nitaonekana nani?

Mimi ni ofisa mikopo. Kazi yangu ni kusoma maombi ya watu na kutafuta mahali yanapovuja. Nikaamua kulishughulikia ombi la mke wangu kwa mtindo huo huo. "Nipe mwezi mmoja," nikamwambia, "nifanye utafiti." Akacheka kidogo, akakusanya vyombo. Alijua fika kwamba natafuta sababu ya kukataa.

Usiku wa tochi

Kabla sijawaambia nilichokuta, turudi nyuma kidogo, mwaka 2011.

Wakati huo tulikuwa wachumba. Yeye alikuwa na stashahada ya uuguzi, amepangiwa zahanati kwenye kisiwa kimoja cha Ukerewe. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kazi mjini. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa napanda meli ya Nansio, karibu saa tatu majini, halafu boti ya injini mpaka kwake. Mapenzi bwana, hayana bajeti.

Usiku mmoja, kama saa sita hivi, mlango ukagongwa. Kuna binti kajifungulia nyumbani na damu haikatiki. Afisa tabibu alikuwa amevuka kwenda wilayani kikazi. Zahanati nzima alikuwepo mchumba wangu, mhudumu mmoja, na mimi mgeni. Umeme hakuna. Nikakabidhiwa tochi: "Mulika hapa, usitingishike."

Nilimwona akifanya kazi. Alichoma sindano ya oksitosini ya kubana mfuko wa uzazi. Akaweka dripu. Akasugua tumbo, na ilipobidi akaukandamiza mfuko wa uzazi kwa mikono yake miwili mpaka mabega yakawa yanatetemeka. Damu ilipungua, kisha ikarudi. Ikabidi tuvuke kwenda hospitali.

Tulipata boti ya wavuvi wa dagaa. Upepo ulikuwa umeshaamka. Katikati ya maji yule binti akauliza mtoto wake yuko wapi. Akaambiwa yuko kwa bibi yake, salama. Hakuuliza tena. Tulipofika gatini alikuwa ameshatutoka.

Mchumba wangu hakulia pale. Alilia alfajiri, tukiwa wawili, akaniambia, "Sikukosea kitu. Nilifika mwisho wa ninachokijua."

Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua mpaka leo ni moja ya sababu kubwa za vifo vya kina mama hapa nchini na Afrika kwa ujumla. Na kuna jambo nililielewa usiku ule bila kufundishwa na mtu. Kwenye karatasi, kazi ya kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa ni ya daktari au afisa tabibu. Usiku, kisiwani, kazi hiyo ni ya yeyote aliyepo. Na mara nyingi aliyepo ni muuguzi.

Ungedhani mtu aliyeshika tochi ile asingeuliza "Kwani hujasoma vya kutosha?" Lakini niliuliza. Miaka kumi ya ndoa, mshahara na starehe za mjini inasahaulisha mengi.

Faili la kukataa

Basi nikafungua daftari, nikachora safu mbili. Upande mmoja sababu za kukubali, upande mwingine za kukataa.

Sababu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba uuguzi ni kazi ya mikono na moyo, uzamili wa nini? Nikaingia kwenye mtandao kutafuta ushahidi. Nikakutana na Loretta Ford. Huyu mama alikuwa muuguzi wa afya ya jamii huko Colorado, Marekani. Mwaka 1965, yeye na daktari wa watoto aitwaye Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kumpima mtoto, kutambua tatizo na kuamua matibabu, kwa sababu kulikuwa na familia nyingi zisizomwona daktari. Mama Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, na kada aliyoianzisha imeenea nchi nyingi.

Kutokana na mbegu hiyo akapatikana muuguzi wa familia, anayemhudumia mtoto mchanga, mama mjamzito na babu mwenye presha, wote wa nyumba moja. Huko Marekani kazi hiyo haifanywi na kila muuguzi. Lazima awe amesajiliwa, asome uzamili au udaktari wa uuguzi, afanye mazoezi kwa wagonjwa chini ya usimamizi, halafu afaulu mtihani wa kitaifa. Kwa miaka mingi kiwango cha chini cha mazoezi hayo kilikuwa saa 500, na viwango vipya vya mwaka 2022 vimekipandisha hadi 750. Kwenye baadhi ya majimbo anafungua kliniki yake mwenyewe, na kwingine lazima awe na makubaliano na daktari.

Nikajisemea, hayo ni ya Wazungu wenye pesa zao. Nikaendelea kutafuta, nikakuta Botswana. Wenzetu hawa walianza kufundisha wauguzi wa familia mwaka 1981, sababu zikiwa zile zile: nchi kubwa, vijiji vya mbali, madaktari wachache. Muuguzi ndiye anayekutana na mgonjwa wa kwanza asubuhi, basi wakaona heri afundishwe kazi ambayo tayari anaifanya. Hapo kalamu ikaanza kuwa nzito.

Na sisi je? Ngazi zetu ni cheti, stashahada, shahada, halafu uzamili. Shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza Muhimbili mwaka 1988. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kufundisha wauguzi Dar es Salaam mwaka 2001, kikiwalenga walio kazini, ratiba ikipangwa ili mtu asome bila kuacha ajira. Muhimbili kuna uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na wa ukunga na afya ya wanawake. Hapa kwetu kwenye kile kilima cha Bugando, ambako hospitali ya rufaa ilifunguliwa mwaka 1971, chuo kikuu chake kina uzamili wa uuguzi wa watoto.

Cheo chenyewe cha muuguzi wa familia, kama cha Botswana, kwenye ngazi zetu hakimo. Lakini wazo hilo si geni kwetu. Tangu miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikiwafundisha madaktari wasaidizi, ambao si madaktari wa shahada, na kwa miaka mingi ndio waliokuwa wakiwafanyia kina mama upasuaji wa kujifungua kwenye hospitali za wilaya. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa kada za afya kugawana majukumu. Yaani nchi yenyewe inakiri kwamba daktari peke yake hawezi kufika kila mahali.

Nikarudi kwa mama watoto na ujanja wa mwisho. "Sasa si usome uuguzi wa watoto hapa hapa Bugando? Unakwenda asubuhi, jioni uko nyumbani."

Akaniangalia kwa muda. "Yule binti hakuwa mtoto, Baba Kulwa."

Jamani. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba miaka yote hiyo bado alikuwa kwenye ile boti.

Nikajaribu mlango mmoja tu uliobaki. Nikaenda Magu kwa mama yangu mzazi, nikitegemea mwanamke wa zamani ataniunga mkono. Nikamweleza yote. Alikuwa anachambua michembe, hata hakuinua kichwa.

"Siku nakuzaa wewe, aliyekupokea alikuwa daktari?"

"Sijui, mama."

"Alikuwa nesi. Usiku, na kibatari. Sasa unataka nesi wa wenzako abaki na kibatari?"

Nikarudi mjini kimya. Kwenye safu ya kukataa ilikuwa imebaki sababu moja tu, nayo ni mimi.

Shemeji, umeoa au umeolewa?

Oktoba 2021 nikamsindikiza stendi. Kutoka Mwanza mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na pacha walilia kama kilomita zote wanaziona. Walikuwa na miaka minne.

Tusidanganyane, si mchezo. Mwezi wa tatu dada wa kazi akaaga kwenda kwao na hakurudi. Nikajifunza kupika ugali usio na mabonge, nikajifunza kwamba nywele za watoto wa kike haziwezi kusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Jirani mmoja akazoea kuniambia, "Shemeji, umeoa au umeolewa?" Nacheka naye, usiku silali.

Pesa ndiyo usiseme. Mshahara mmoja ukawa na nyumba mbili, ada, na nauli za likizo. Kuna mwezi niliuza pikipiki.

Na tuligombana. Nilikuwa namlaumu kwamba hapokei simu, kumbe yuko zamu wodini au yuko maktaba. Siku moja nilikasirika, nikakaa siku tatu bila kumpigia wala kupokea. Siku ya nne akanitumia ujumbe mmoja tu: "Nisome au nirudi? Sema moja, nitafanya." Nilikaa na ile simu mkononi, nikaona nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nataka arudi bila mimi kusema arudi, ili lawama isiwe yangu. Nikampigia nikamwomba radhi. Tukakubaliana simu ni saa tatu usiku, kila siku, hata kama ni dakika tano.

Pumzi hamsini na mbili

Aprili 2022, msimu wa mvua, Doto akashikwa na homa na kikohozi. Nilimpa dawa ya kushusha homa, nikasema kesho nitampeleka kliniki. Saa tatu usiku simu ikaita kama kawaida.

"Doto anaendeleaje?"

"Ana homa, kalala."

Sauti yake ikabadilika. Hakuwa mke wangu tena, alikuwa muuguzi. "Anakunywa? Anatapika kila kitu? Amestuka kwa degedege? Ukimwita anaitika?" Nikajibu moja moja. Kisha akasema, "Mfunue kifua. Weka saa mbele yako. Hesabu pumzi zake dakika nzima, usikatishe."

Nikahesabu. Hamsini na mbili.

"Mtoto wa umri wake, kuanzia arobaini ni nyingi. Kifua chini ya mbavu kinabonyea akivuta pumzi?"

"Ndiyo."

"Usingoje kesho. Nenda hospitali sasa hivi."

Ilikuwa nimonia. Tulilazwa siku nne, Doto akapona. Daktari aliyetupokea alisema nilifanya vizuri kuwahi. Sikumwambia kwamba aliyewahi ni mtu aliye kilomita 1,100.

Maswali yale baadaye niliyajua kwa jina. Ni dalili za hatari zilizomo katika mwongozo wa magonjwa ya watoto wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa miaka ya 1990, uliotengenezwa makusudi kwa ajili ya zahanati zisizo na daktari wala mashine. Muuguzi mwenye mafunzo, saa, na macho yake. Nilikaa pembeni ya kitanda cha Doto nikajiuliza: kama anaweza haya kwa simu, mtu wa kumzuia asijue zaidi anamzuia nani hasa?

Alivyorudi

Mama Kulwa alimaliza mwishoni mwa 2023. Nilikwenda kwenye mahafali nimevaa suti ya harusi, imenibana, lakini nilipiga vigelegele kuliko wanawake.

Nisiwadanganye pia kwamba kila kitu kikawa sukari. Mshahara haukuruka siku aliyoripoti kazini, barua za kupanda cheo zina mwendo wake. Kazini wapo waliomwita "profesa" kwa kejeli. Na bado kisheria hawezi kuwa yule muuguzi wa familia wa Botswana, mwenye mamlaka yake kamili. Kwa mtu wa benki kama mimi, mkopo huu haujaanza kulipa.

Halafu ikaja ile simu.

Ilikuwa mwaka jana, usiku. Muuguzi kijana aliyekuwa amemfundisha, sasa yuko visiwani, ana mzazi anayetoka damu. Mke wangu alikaa kitandani, taa haijawashwa, akaanza kuuliza kwa sauti ya chini: damu kiasi gani, mapigo yakoje, sindano imechomwa saa ngapi. Akamwambia afanye yote kwa pamoja, asisubiri kimoja kishindwe ndipo ajaribu kingine, na boti iitwe sasa hivi huku anaendelea.

Asubuhi akanieleza. Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Walitumia karatasi maalumu ya plastiki yenye alama, inayotandikwa chini ya mzazi ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho. Damu ikifika kiwango cha hatari, hatua zote zinaanza pamoja: kusugua tumbo, dawa za kubana mfuko wa uzazi, dawa ya kusaidia damu kuganda, dripu, na uchunguzi wa chanzo. Matukio mabaya, yaani kutoka damu nyingi kupita kiasi, kupasuliwa kwa sababu hiyo au kufariki, yalipungua kwa asilimia 60.

"Mwaka 2011 haya hayakuwepo," nikamwambia.

"Hayakuwepo," akasema. "Ndiyo maana sasa naweza kumsamehe yule msichana wa stashahada."

Yule mzazi wa visiwani alifika hospitali akiwa hai. Mtoto wake pia mzima.

Kama na nyinyi mnapanga

Mkiwa mmekaa wawili na jambo kama hili liko mezani, haya ndiyo niliyojifunza kwa kuungua.

Kwanza, ulizaneni sababu kabla ya gharama. Nilipiga hesabu mwezi mzima bila kumuuliza kwa nini anataka fani ile.

Pili, karatasi zitangulie. Kama ni mtumishi wa umma, asiondoke bila barua ya ruhusa ya masomo. Fani na chuo vihakikiwe kwa Tume ya Vyuo Vikuu, na masuala ya usajili na leseni yaulizwe Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Tatu, jihadharini na uzamili wa nje wa kusoma kwa mtandao peke yake. Muuguzi wa familia hutengenezwa kwa saa za kukaa na wagonjwa akisimamiwa, na shahada ya nje haigeuki leseni ya hapa kwa sababu tu ina muhuri mzuri.

Nne, pesa ya miaka yote miwili ijulikane mwanzo. Mikopo ya Bodi ya Elimu ya Juu imelenga zaidi shahada ya kwanza, msiitegemee kwa macho yaliyofumbwa.

Tano, wekeni saa ya simu. Ndoa yetu iliponea kwenye saa tatu usiku.

Siku hizi tukivuka Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kwenda kusalimia ndugu Sengerema, pacha huwa wanauliza kwa nini na Ukerewe tusivuke hivi hivi. Mama yao anawajibu kwamba kuna sehemu bado ni boti. Mimi huwa nakaa kimya, namtazama kwa kioo cha gari. Najua anahesabu ni nani yuko zamu usiku wa leo kule visiwani, na anajua nini.